Nilibandika Plasta Kwenye Taa ya Kamera

Mpendwa Shangazi Ruthu, shikamoo,

Nakuandikia wewe kwa sababu tangu Jumamosi ile sijatulia, na si kwa huzuni, shangazi, ni furaha imenizidi, nimepata kitu nilichokitafuta mwaka mzima na sasa sijui kama ni changu.

Mimi ni mpiga video wa kujitegemea hapa Dodoma, nakaa Chang'ombe, zamani nilikuwa mpigachapa ofisi moja ya serikali mpaka walipotupunguza mwaka tisini na tano, kiinua mgongo changu nikanunulia kamera watu wakasema nimechanganyikiwa, lakini harusi hazikosekani na kazi ikaja, ila mwaka jana likanipata la aibu, nilichanganya kanda, harusi ya Cornel nikawapelekea watu wa Marko, na wale watu walikaa sebuleni wakaiangalia karibu nusu saa, wanakunywa soda zao, ndipo mama mmoja akauliza mbona huyu bibi harusi simfahamu. Wao walicheka, mimi nilirudi nyumbani nikalia. Kumbe kanda zangu zote ni moja, pete, keki, na watu wamesimama wima kama wanapigwa picha ya kitambulisho, maana wakiona ile taa nyekundu ya kamera imewaka, hata mwenye nyama mdomoni anaacha kutafuna.

Basi nikawa nawaza tu, nikipika nawaza, nikifua nawaza, mpaka mwezi huu nilipoitwa Nzuguni kwenye sendofu, sherehe ya kumuaga binti anaitwa Edina kabla ya harusi yake, wazo likanijia asubuhi hiyohiyo, nikabandika plasta ya kidonda juu ya ile taa, nikazunguka nyuma ya nyumba walikokuwa wanapika, nikakaa kwenye kigoda kamera ikiwa mapajani, wakaniuliza mbona hupigi, nikawajibu nimeizima, betri inapumzika. Jamani, niliyoyapata huko! Akina mama wanataniana nani ataunguza wali, bibi yake Edina anajaribu kwa siri viatu vya mjukuu wake vimemkwama kisiginoni, shangazi mtu anapiga ngoma na mwiko bado ameubana kwapani. Nikajisemea Frida, hii ndiyo kazi, miaka yote hii ulikuwa unapiga keki.

Halafu akapita baba yake Edina, Mzee Yotham, mfugaji na mzee wa kanisa, mtu ambaye Edina mwenyewe aliniambia hajawahi kusikia neno laini kutoka kwake. Alikwenda zizini, hatua chache tu kutoka nilipokaa na kamera ikiendelea kurekodi, akasimama mbele ya ndama aliyefungwa, akavua kofia, akaanza kuifanyia mazoezi hotuba yake. Aliongea Kigogo, na mama yangu ni Mgogo wa Mpwapwa, kwa hiyo nilielewa kila neno. Alisema, Edina, mwaka ule wa njaa uliuza gauni lako la kipaimara tukanunua mtama, ukaenda kanisani na gauni la kuazima, na mimi sikukushukuru kwa sababu niliona aibu, leo nakushukuru mbele ya watu. Alirudia mara tatu, kila akifika kwenye gauni sauti inakatika, anakohoa kidogo, anaanza upya.

Jioni saa ya hotuba ilipofika nilikuwa nimeshabandua plasta, taa inawaka, mzee akasimama, akaiangalia taa, akasema, "Nawashukuru wote mliofika. Chakula kipo." Akakaa. Edina alipiga makofi kama wengine, lakini mimi nilikuwa nimemlenga usoni, nikaona.

Sasa mwisho wa mwezi Edina anahamia Tabora kwa mumewe, anataka kanda yake, nimemdanganya deki ya kunakilia kanda imeharibika. Dada yangu Penina ameiangalia akalia, anasema mpe mtoto wa watu. Mume wangu Gideoni anasema futa kabla mzee hajajua. Na wiki ijayo nina harusi Mpwapwa, plasta ninayo kwenye pochi, mkono unaniwasha. Nifanyeje?

Frida, Chang'ombe

*

Marahaba, Frida.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na kwa kuwa mwisho wa mwezi uko mlangoni nimeirusha mbele ya foleni, na nakujibu wewe peke yako, gazetini haitatoka. Wengine watanisamehe.

Kwanza hongera. Watu wengi wakichoka na kazi yao hulaumu wateja. Wewe ulijilaumu mwenyewe, ukatafuta, ukapata. Nimefurahi na wewe kabisa, na huyo bibi wa viatu natamani kumwona.

Sasa nikugombeze. Kuziba taa peke yake ningeweza kukuvumilia, lakini wewe uliulizwa kwa mdomo ukajibu kwa mdomo kwamba umeizima. Wale akina mama walikuamini wakaendelea na mambo yao mbele yako. Harusi moja ukifanya hivyo wataita ufundi, ya pili itajulikana mji mzima, na ya tatu hakuna atakayekukaribisha jikoni kwake. Na tena ukamdanganya Edina habari ya deki. Mama mzima, uongo wa nini?

Kwa hiyo plasta tupa. Mpwapwa nenda mapema, fika kabla moto haujawashwa, taa iwake na kila mtu aione, halafu kaa umenye vitunguu na wenzako. Saa ya kwanza watajipanga wima kama kawaida yao. Wewe menya tu. Saa ya pili watachoka kusimama, wataanza kutaniana, na hutahitaji plasta yoyote. Raha uliyoipata ilianza pale ulipoiacha keki ukaenda nyuma ya nyumba, na huko ruhusa ya kwenda unayo siku zote.

Akina mama wa Nzuguni warudie, waonyeshe walivyotoka, waombe radhi. Watakucheka na yataisha.

Mzee Yotham ni jambo jingine. Penina amekosea na Gideoni amekosea, maana wote wawili wanaamua juu ya maneno ya mtu mwingine. Kipande cha zizini usimpe Edina bado, na usikifute. Mwalike mzee kwako Chang'ombe kesho kutwa, peke yake, mwamkie, mkaribishe chai, mweleze ulichofanya bila kujitetea, kisha mwekee aangalie. Akikasirika, vumilia, umestahili. Akisema futa, futa palepale yeye akiona, na usibaki na nakala hata ya kulia na dada yako.

Lakini mtu aliyerudia mara tatu alitaka yasikike. Akimaliza kuangalia, usimjazie maneno. Mwambie hivi tu: "Mzee, ndama ameshayasikia. Edina bado."

Shangazi Ruthu