Hoteli Inayodhani Nimekufa

4 Juni

Binti yangu,

Salamu. Hujambo, mume na mtoto hawajambo? Mimi mzima, mgongo tu. Simu yangu haishiki huku, barua nampa dereva wako.

Hoteli uliyoniweka ni kituko. Kitanda kinatoka ukutani kama droo. Taulo wamelikunja umbo la bata. Niliogopa kumvunja shingo, nikajifuta kwa shati. Na hiyo taa! Nikitulia kidogo inazima yenyewe, mpaka nipunge mikono. Nakula napunga, chooni napunga. Hoteli hii inadhani nimekufa.

Unasema kwako kuna wageni. Mimi nalala hata jikoni. Tangu mama yako afariki nalala popote. Sikupanda ndege kuja kuona bata. Nimekuja kumwona mjukuu. Lini?

Baba yako

6 Juni

Baba,

Shikamoo. Sisi wazima, pole na mgongo. Wageni bado wapo, vumilia. Maisha yako yote umebeba zege, sasa pumzika, wakuhudumie. Ila nakuomba, usije nyumbani mwenyewe.

Mwanao

9 Juni

Binti yangu,

Salamu. Mimi mzima.

Kupumzika sijui. Kigae cha bafuni kilikuwa kinacheza. Ng'ambo ya barabara wanajenga, nikawaonyesha vibarua kwa mikono, wakanipa saruji kwenye kopo. Nikakigandisha. Meneja akafurahi, akapiga ile namba uliyoacha mapokezi, ashukuru. Akapokea mumeo.

Mfagiaji wa hapa anajua lugha yetu, kanieleza yote. Meneja kasema, "Baba mkwe wako fundi kweli." Mumeo kasema, "Baba mkwe yupi? Alikufa kabla sijaoa."

Meneja kanitazama kama mzuka.

Kumbe taa ilishaambiwa. Nilikufa kwa ugonjwa gani?

Baba yako

10 Juni

Baba,

Shikamoo. Sijui nianzie wapi. Wakwe waliniuliza baba yangu anafanya kazi gani. Niliona aibu. Nikasema amefariki, ili wasiendelee kuuliza.

Nimemwambia mume wangu meneja amekosea, aliye hotelini ni mjomba. Njoo Jumapili, mtoto anakungoja. Naomba tu ukubali kuitwa mjomba.

Mwanao

21 Juni

Baba,

Shikamoo. Umefika salama? Nilikuja hotelini kukuaga, nikaambiwa umeshaondoka. Mtoto anakuulizia kila siku. Mwakani nitakutumia tiketi, uje tena. Nijibu, baba yangu.

Mwanao

8 Julai

Mpwa wangu,

Salamu. Nimefika. Mgongo uleule.

Chakula cha Jumapili kilikuwa kizuri. Mumeo ana adabu, kanipa pole ya kufiwa na shemeji. Nikapokea.

Ulipoingia jikoni mtoto akaja kukaa na mimi. Lugha yetu anaisema vizuri, ahsante kwa hilo. Akaniuliza, "Babu yule aliyekufa, ulimjua?"

Nikasema namjua.

"Alikuwa nani?"

"Mbeba zege."

Akanishika mkono, akauminya. "Kumbe alikuwa na nguvu!"

Basi. Mtoto mdogo vile, hakuona aibu.

Barua yako imefika, umemwandikia baba. Baba umeshamzika, tiketi ya nini? Mimi nilikuja kama mjomba mara moja, kwa ajili ya yule mtoto. Sirudi.

Hapa kwangu natulia ninavyotaka. Taa haizimi.

Mjomba wako