Siku Uliyonizaba Kofi Mtoni Kizinga

Mpendwa baba,

Kofi lile limeniuma miaka yote, na sikuwahi kukwambia ulipokuwa hai. Leo nakwambia.

Nilikuwa kidato cha pili, nawe ndiye mwalimu wetu wa jiografia pale Temeke. Ulitupeleka Kizinga tuone wenyewe jinsi mto unavyobadilika ukishuka kuelekea baharini. Kule juu tuliuvuka kwa hatua tatu. Maji yalifika vifundoni, na changarawe ilichoma nyayo. Tulipoteremka, kamba yetu yenye mafundo ilionyesha upana umeongezeka mara nne, ufito wa kupimia kina ukalowa hadi usawa wa kiuno changu, na chini palikuwa na tope laini.

"Vijito vyote vimeshaingia humu," ulisema. "Mto unabeba, unasaga, kisha unatua mzigo."

Hapo wanaume watatu wakatokea kwenye mpunga. Siku zile watu walikuwa wakihamishiwa vijiji vya ujamaa, nao waliona kamba tu.

"Mnapima mtuhamishe!" mmoja alifoka.

"Hapana, ndugu yangu, hawa ni wanafunzi..."

Hakukuacha umalize. Bapa la panga alilokuja nalo lilikupata sikioni, ukaanguka topeni, damu ikachuruzika hadi kwenye shati lako jeupe. Wenzangu walikimbia wakipiga mayowe. Mie nilishika ufito kwa mikono miwili nikamtwanga yule mtu kichwani. Akaanguka. Nikamtwanga tena, mdomoni, meno yakavunjika. Wale wawili wakaduwaa. Nilipoinua mara ya tatu ulinidaka mkono, ukanizaba kofi mpaka nikayumba.

"Utamuua!"

Halafu ukachana shati lako, ukamfunga yeye kwanza. Yeye, baba! Na sikio lako halikusikia tena hadi unakufa.

Jeraha lake lilipopona, ulirudi na darasa kumalizia vipimo. Yeye ndiye aliyewashikia kamba ng'ambo ya pili. Asubuhi ile uliniambia, "Twende, mwanangu," nikakugeuzia mgongo. Nilidhani umemthamini yeye kuliko mimi.

Sasa nimezeeka, nakiri. Pigo la tatu, lile ulilolizuia, halikuwa la kukutetea; mtu alikuwa ameshalala chini. Nilitaka afe. Uliliona hilo usoni mwangu, na hukumwambia mtu yeyote, hata mama.

Pumzika, baba yangu.

Binti yako, kifungua mimba wako