Sahihi Nyuma ya Pazia

Jumatatu, 1 Novemba

Salamu kwanza, maana sijui kuanza bila salamu. Mama mkwe hajambo, kifua kinambana ila ulimi mzima. Zuhura mwanangu hajambo, kaenda kisimani. Jirani Bi Mwajuma hajambo, kaja kuazima mchi, kakaa mpaka adhuhuri. Kuku hawajambo. Mie sijambo, nimo ndani. Eda ya marehemu mume wangu bado haijaisha. Nimetwanga, nimepepeta, nimekaa.

Daftari hili kanipa Zuhura nizoeze mkono. Herufi kanifundisha yeye, jioni jioni, kwa kijiti kwenye majivu ya jikoni.

Kachaguliwa chuo cha ualimu, huko bara. Mtaa wetu wote hapa Temeke hakuna binti mwingine. Ila ada hatuna. Baba yake alikuwa mbeba mizigo bandarini, naye katutoka. Serikali ina msaada wa ada, unaombwa kwa fomu. Bomani mwisho wa kuzipokea ni Jumamosi hii saa sita mchana. Ikipita hapo, basi.

Jumatano, 3 Novemba

Fomu imerudishwa. Palipotakiwa jina la mzazi, Zuhura kaandika la baba yake. Mkono umezoea. Karani kamwambia marehemu haombi msaada. Karudi macho mekundu.

Anatakiwa mzazi aliye hai, atie sahihi mbele ya karani. Shemeji yangu yuko Utete, barua haimfikii kabla ya Jumamosi. Nimebaki mie. Nami sitoki.

Alhamisi, 4 Novemba

Zuhura kaenda tena bomani kueleza. Karani ni kijana wa bara, Mkristo, hajui mambo yetu. Kamuuliza, "Hiyo eda ya mama yako ni ugonjwa gani? Kapelekwa hospitali?" Nimecheka mpaka nikaona haya, mjane kucheka. Halafu nikalia.

Nimemwambia Bi Mwajuma Jumamosi natoka, naenda mwenyewe. Kashika mdomo. "Shoga we! Mjane bomani, mbele ya wanaume? Watasema hukumlilia mumeo."

Wacha waseme. Ila mama mkwe kasikia. Aliyekufa ni mwanawe, na eda hii ni heshima ya mwanawe. Katafuna tambuu yake, hakusema neno. Naogopa kimya chake kuliko maneno ya mtaa mzima.

Ijumaa, 5 Novemba

Mama mkwe katoka asubuhi na mwavuli. Hakuaga. Adhuhuri hayupo. Alasiri hayupo. Nimeunguza wali. Nikasema nimemfukuza mama wa watu kwenye nyumba ya mwanawe.

Karudi magharibi, miguu imevimba. "Kesho anakuja huyo karani wenu. Fagieni baraza." Akaenda kulala.

Jumamosi, 6 Novemba

Niandike vizuri.

Karani kaja na baiskeli, jasho tupu. Mama mkwe na Zuhura barazani, mie ndani, nyuma ya pazia la mlango. Nasikia kila kitu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Leo umeamka na adabu."

Karani kacheka. Kasema jana bibi kakaa mlangoni kwake kutwa, kila anayeingia anamwambia, huyu kijana kamfungia mjukuu wangu riziki. Mpaka mkubwa wake akatoka kuuliza.

"Sasa huyo mama, nitajuaje kama ni yeye?"

"Muulize," kasema mama mkwe.

Kaniita jina langu lote, Mwanahawa binti Salum. Nikaitika.

"Sauti inaweza kuwa ya mtu yeyote, bibi."

"Mwanangu, mie nimepika naye jiko moja tangu aolewe. Zipo siku nilitamani awe mtu mwingine. Ni huyu huyu."

Hata mie nimeuma kanga nisicheke.

Karani katoa kibweta cha wino. "Haya, atoe kidole gumba."

Nikamkumbuka marehemu. Kila akipokea mshahara alirudi na kidole cha zambarau, akikificha kwenye kikoi mwanawe asikione. Nikasema, "Nipe kalamu."

Karani kafunga kibweta chake.

Zuhura kaleta sinia, karani kaweka fomu juu. Nikatoa mkono nje ya pazia, mkono tu, na kitambaa cheupe cha eda mpaka vidoleni. Karatasi siioni. Mama mkwe kanishika kiwiko nisipotee mstari. Nikaandika. Jina langu refu, Mungu wangu! Nikaandika mpaka mwisho.

Zuhura anasema herufi zimepanda kama zinakwea ngazi. Karani kazitazama, kasema, "Inasomeka." Kapanda baiskeli mbio, saa sita haijafika.

Mama mkwe kasema, "Mwanangu kaweka kidole maisha yake yote. Mkewe kaandika." Kaingia chumbani kwake kulia. Nimemwacha alie.

Sijawahi kujiona mtu kama leo.

Jumatatu, 13 Desemba

Kapata! Ada yote. Zuhura kasoma barua, kasoma tena. Kisha nikasoma mie, kwa kidole, neno kwa neno. Bi Mwajuma kapiga vigelegele mpaka mbuzi wamekata kamba. Anasema alijua tangu mwanzo.

Jumatano, 12 Januari

Zuhura kaondoka alfajiri. Bibi yake kamsindikiza stesheni na ule mwavuli. Mie eda bado kidogo, nimemuagia mlangoni. Nilishika pazia lile lile mpaka hatua zao zikapotea.

Nimetwanga. Nimepepeta. Chumbani mwake kumebaki harufu ya mafuta ya nazi.

Nimemwambia akifika tu aandike upesi, asingoje kuzoea. Mistari michache inatosha. Na kwenye bahasha asiandike jina la Bi Mwajuma, ati anisomee kwa kuwa yeye kasoma. Aandike langu.