Wafumaji Wale wa Rochdale

Mkuu, Rombo
5 Machi 1995

Mwanangu Stella,

Tumsifu Yesu Kristo. Habari za huko kwenye baridi? Kifua bado kinakusumbua? Vaa soksi, acha urembo. Huku tu wazima, ila magoti yangu ndiyo yanalalamika. Ng'ombe amezaa ndama jike, tunamshukuru Mungu.

Sasa nikueleze kilichonichoma. Tangu serikali iruhusu wafanyabiashara binafsi kununua kahawa, magari yao yanapanda huku kila siku. Mmoja anataka kununua ghala la chama chetu cha ushirika pamoja na mizani yake. Likiuzwa, nani atatupimia? Si yeye mwenyewe! Mkutano wa kuamua ni mwezi wa tano. Nikaenda kwa mwenyekiti, Mzee Wenseslaus, nikamwambia nami nitapiga kura. Akacheka mpaka akakohoa. Eti kadi ni ya marehemu baba yako, na kahawa ni mali ya wanaume. Mwanamke ana ndizi zake na maziwa yake. Eti atakayesimama kwa niaba ya nyumba yetu ni baba yako mdogo Leodegar. Leodegar! Yule angeuza hata kengele ya kanisa. Kahawa hii nimeipalilia na kuichuma tangu nilipoolewa, Stella. Nataka kura yangu, basi.

Wanasema hili ndilo soko huria. Mimi huria ninayoijua ni ya mifugo: ng'ombe anaachiwa, anaingia kwenye kihamba cha jirani, anamaliza migomba. Sisi wetu wako bandani, tunawakatia majani. Wewe ndiye unayesoma mambo ya Ulaya, hebu niambie maneno haya yalitoka wapi.

Mama yako,
Mektrida


Manchester
28 Machi 1995

Mama yangu mpenzi,

Milele amina, na shikamoo. Kifua kimepona, na soksi navaa mbilimbili. Pole na magoti. Huyo ndama usimpe jina mpaka nije.

Mama, ng'ombe wako nimewapeleka darasani! Mwalimu alicheka, kisha akasema umepagusa penyewe. Maneno yote haya yalizaliwa huku, kwenye miji hii ya moshi (siyo Moshi yetu), viwanda vya pamba vilipoanza kwenda kwa mvuke. Kulikuwa na waliosema: serikali ikae pembeni, kila mtu auze na kununua apendavyo, soko litajinyoosha lenyewe. Hao ni waliberali, na huria yenu imetoka kwao. Usiwadharau lakini. Ndio hao hao waliowaambia wafalme kwamba mtu ana haki ya kusema na kuabudu apendavyo. Ila viwandani mwao watoto wadogo walikuwa wanafanya kazi mpaka wanaanguka. Wengine wakakasirika, wakasema viwanda viwe mali ya wote. Hao ni wasoshalisti, ndugu wa ujamaa wetu. Walibishana kwa vitabu vinene kweli, na mimi ndiye ninayevisinzilia.

Jumamosi nikaenda Rochdale, mji mdogo wa jirani, na huko nimewapenda watu. Mwaka 1844 wafumaji maskini, waliokuwa wamedai nyongeza ya ujira mpaka wakachoka, walichanga senti zao wakafungua duka. Unga, siagi, sukari, mishumaa, basi. Siku ya kufungua watu walikuja kuwacheka. Lakini unga wao haukuchanganywa na takataka, na mizani yao haikuchezewa. Na kila mwanachama kura moja, awe na hisa moja au mia! Vyama vya ushirika vya dunia nzima, hata chenu hapo Mkuu, vimejifunza kwa duka lile. Nilisimama mlangoni nikalia, Mama. Nilikuwa nakuwaza wewe.

Mwanao akupendaye,
Stella


Mkuu, Rombo
14 Mei 1995

Mwanangu Stella,

Kaa chini kwanza. Sisi wazima, mvua zinatosha, na ndama amepata jina, nisingeweza kukungoja.

Barua yako niliisomea sokoni. Nilipofika pale penye "wafumaji" nikapiga vigelegele, wauza ndizi wote wakageuka. Kumbe ushirika umeanzishwa na wanawake! Nikawaita wenzangu wote tuliofundishwa na masista kufuma masweta. Magreth akasema alijua tu, maana anayeweza kuhesabu vishono vya sweta la mtoto hashindwi kuhesabu mali ya watu. Tuliwasifu wale wanawake mpaka maziwa yakatuchachia.

Basi jana kwenye mkutano nikasimama bila kuitwa. Nikawaambia, "Mnaninyima kura mimi? Ushirika huu mnaoukalia umeanzishwa na wanawake wa Ulaya wenye sindano za sweta! Ninyi mmeukuta umeshaiva." Mzee Wenseslaus akavua kofia. Leodegar akapiga kelele kwamba ni uongo, nikampa barua asome mwenyewe. Wafumaji hao hapo, wamekaa kwenye mstari. Akarudi kwenye kiti chake.

Wameahirisha yote mpaka mwanzo wa Julai. Kwanza wataamua habari ya kura yangu, ndipo waingie kwenye ghala. Mzee Wenseslaus amesema chama hakiwezi kumfukuza aliyekizaa. Niombee.

Mama yako,
Mektrida


Manchester
1 Juni 1995

Mama yangu,

Shikamoo. Mimi mzima, ila barua yako imenichekesha halafu ikanishikisha kichwa.

Mama, wale hawakuwa na sindano za sweta. Walifuma vitambaa vya nguo, kwa mitambo. Na waliofungua duka walikuwa wanaume. Kiswahili chetu hakisemi mfumaji ni mke au mume, na mimi wala sikuwaza.

Lakini hili ni kweli kabisa: hawakukawia kuwapokea wanawake, kila mmoja kwa jina lake, wakati sheria ya nchi bado ilikuwa inampa mume mali ya mkewe. Kwa hilo peke yake mimi nawavulia kofia. Sijui kama litawatosha wazee wa Mkuu. Naogopa utanyimwa kura kwa sababu ya neno moja. Amua wewe, Mama. Vyovyote utakavyoamua, niko upande wako.

Mwanao,
Stella


Mkuu, Rombo
2 Julai 1995

Mwanangu Stella,

Amani ya Bwana iwe nawe. Sote wazima, na kahawa zimeanza kuiva.

Barua yako imefika Ijumaa, na mkutano ulikuwa Jumamosi. Uwii! Niliisoma jikoni mpaka mtori ukaungua. Magreth akasema niitie motoni, nani wa hapa atakwenda Rochdale kuuliza? Nilishawishika, nisikudanganye. Lakini watu wale niliwapenda kwa sababu hawakuchanganya unga. Sasa mimi niingie chamani mwao na uongo mdomoni?

Nikasimama. Nikasema, "Jamani, wale wafumaji walikuwa wanaume." Leodegar akaruka na kiti chake: "Si niliwaambia!" Nikawaeleza habari ya wanawake waliopokewa kwa majina yao, lakini nani alikuwa anasikia? Kelele tupu. Nikajua nimekwisha.

Mzee Wenseslaus akainuka polepole. "Mama Stella, unasema wanaume wazima? Walikaa chini wakafuma?"

"Ndiyo, Mzee. Ndiyo kazi iliyolisha watoto wao."

"Na hawakuona aibu?"

"Wangeona aibu, wewe leo usingekuwa mwenyekiti wa kitu."

Akatafuna midomo. Kisha akasema, "Basi. Kama wanaume wa Ulaya walikubali kufuma, na wakatupa ushirika, mwanamke wa Rombo naye apige kura ya kahawa. Katibu, andika kadi." Watu walicheka mpaka wakashika mbavu, na katika kucheka huko wakakubali. Leodegar peke yake ndiye hakucheka.

Kura ya ghala ikafuata palepale. Wasiotaka liuzwe wakaambiwa wainue mikono, nami nikainua wangu, machozi yananitoka mbele za watu. Ghala limebaki letu, mwanangu. Mzee Wenseslaus alipita akihesabu kwa kidole na kumtaja kila mtu. Aliponifikia akasimama. Miaka yote hii ameniita mke wa fulani, mama wa fulani. Akasema kwa sauti, wote wakasikia: "Na Mektrida."

Mama yako,
Mektrida