Shamila, Uliyeifundisha Kompyuta Kuamkia

Mwaka umetimia, Shamila mdogo wangu, tangu alfajiri ile ya Ijumaa moyo wako uliposimama, na nyumba yetu ya Chemchem ikaingia ukimya ambao hata redio ya mama haiuondoi. Naandika mimi, dada yako Mwanamkuu, kwa niaba ya wote. Mdogo wako Nurdini alitaka kuandika yeye, lakini kila akianza anaishia kulia.

Tunakumbuka ulivyokuwa ukitafuna karanga huku ukiandika programu zako, maganda yakijaa mezani na mama akikugombeza. Tunakumbuka ulivyowafundisha mabinti wa mtaani kompyuta pale sebuleni, ukawapa na chai. Na ulikuwa mbishi. Mungu akurehemu, mdogo wangu, ulikuwa mbishi kwelikweli.

Nyumba hii imeukosa ubishi wako na Nurdini. Kila alipokuja likizo kutoka Dar, mdogo wetu huyo alikuchokoza: "Dada, hiyo Java unayoandikia programu zako ni lugha ya wazee. Dunia imeshahama, wewe bado umekaa." Nawe ulimjibu bila kuinua macho kwenye kompyuta: "Imezeeka kwa nani? Goweko wanaitumia kupimia tumbaku kila siku. Wewe kila mwaka na lugha mpya, na kazi hata moja hujamaliza." Tulicheka mpaka baba mdogo Sadiki akapaliwa na chai.

Kazi hiyo ya Goweko ndiyo iliyokupa jina. Chama cha wakulima cha huko kilikuomba programu ya kuhesabu mitumba ya tumbaku pale mizanini. Mzee Jilala, karani wa mizani, aliigomea siku ya kwanza. "Hiki kidude hakina adabu," alisema. "Nimekiwasha tu, hata salamu hakuna, kinaniuliza tarehe!" Mwingine angekasirika. Wewe uliketi palepale ukauandika upya mwanzo wake. Kuanzia hapo kila asubuhi kompyuta ilimwandikia mzee "Shikamoo", na haikufunguka mpaka ajibu "Marahaba". Mzee Jilala hakumruhusu tena mtu mwingine aiwashe.

Ulipoondoka, programu yako iliendelea kuamkia. Kisha chama kikataka mpya, ya kutumika kwenye simu hukohuko mashambani, kikamwomba Nurdini. Aliifungua kazi yako akaisoma yote, halafu akatuambia ukweli. Java haijafa, alisema, mabenki na makampuni makubwa bado yanaitumia. Lakini hii yako ni ya toleo la zamani, na hapa kwetu hakuna mwingine wa kuitunza. "Dada alikuwa sahihi, haijazeeka," alisema. "Ni yeye tu hayupo." Akatoka nje, nasi tukamwacha.

Mama alikataa ya zamani izimwe. "Msimzime mwanangu," alisema. Chama, kwa kukuheshimu, kikasubiri mpaka msimu wa masoko ya tumbaku uishe. Nilijaribu kumweleza mama kwamba ni programu tu. Akaniuliza, "Kuna kitu kingine chake ambacho bado kinaongea?"

Mwezi uliopita akasema mwenyewe, "Nipelekeni." Tulikwenda Goweko kwa treni, tukapita Igalula ulikozoea kununua karanga zako. Mzee Jilala alimpisha kwenye kiti chake, akaiwasha kompyuta. Neno lako likatokea: Shikamoo.

Mama aliliinamia akalisoma. Kisha akasema kwa sauti, kama alivyokuitikia ulipokuwa ukirudi kutoka shule, "Marahaba, mwanangu." Nurdini akamshika kidole, akamwonyesha herufi moja moja mpaka neno likaisha. Programu ikafunguka. Mzee Jilala alikuwa amegeukia ukutani.

Nurdini akamuuliza mama kama na ile mpya aiandike iwe inaamkia. "Hapana," alisema mama. "Hiyo ilikuwa ya Shamila. Ile mpya ije na adabu zake. Sasa mzimeni, apumzike." Tukaizima.

Tulirudi nyumbani, na bado inauma. Mama akimaliza swala ya alfajiri hutoka uani na ufagio wake, na mara nyingine tunamsikia akisema "Marahaba" wakati hakuna aliyemwamkia. Hatumuulizi.

Unakumbukwa na mama yako Bi Ummy, mimi dada yako, mdogo wako Nurdini, baba mdogo Sadiki na familia yake, mabinti uliowafundisha, na mzee Jilala pamoja na wakulima wa Goweko. Hitima itasomwa nyumbani Chemchem Ijumaa hii baada ya swala ya alasiri.

Hatutaacha kukukumbuka, Shamila, na mama hataacha kukuitikia.