Mkufu Uliotundikwa Ukutani

Sokomuhogo,
Unguja.
14 Februari 1957

Mpendwa Kaka Saud,

Shikamoo, na salamu nyingi kutoka kwetu sote. Vipi kifua chako na hiyo baridi ya Uingereza? Mama anauliza kama unavaa ile fulana ya sufu au umeizika sandukuni. Sisi wazima, alhamdulillahi, ila bibi yetu Bi Nunu magoti yanamsumbua. Hayamzuii lakini kupanda ngazi kila saa kuja kunichungulia.

Mie mwili mzima. Nshawekwa ndani, Kaka. Tangu Baba alipoitikia posa ya Muhiddin bin Abrahman sijakanyaga barazani kwetu, seuze njiani. Ndoa imewekwa Shaaban. Nnakaa chumba cha juu, kile kilichokuwa chako, nasuguliwa liwa ya kulainisha ngozi na kufundishwa kunyamaza. Dirisha halifunguliwi, ati nisiungue rangi. Ile nafasi ya kusoma Makerere, ambayo mwalimu mkuu wa skuli alimwandikia Baba, mpaka leo haijajibiwa. Roho inanibana mpaka usiku nakaa kitako nitafute pumzi.

Sasa ile cosh ya kwenye hesabu. Ahsante kwa kunifahamisha. Nilipoliona neno hilo katika kitabu ulichoniachia nilidhani mpiga chapa kakosea, kataka kuandika cos, ile ya pembe, h ikamponyoka. Kumbe h ni ya haipabola, na jina zima limefupizwa ili watu wasichoke mikono. Na kumbe hapo x si pembe tena, ni namba tu: unachukua ile namba e kwa kipeo cha x, unaongeza e kwa kipeo cha x hasi, unagawa kwa mbili. Hilo nimelimeza. Sinh na ndugu zake wengine nitawafuata baadaye, nikijaaliwa.

Lililonishika khasa ni matumizi yake. Ulisema mnyororo ukishikwa ncha mbili ukaachwa uning'inie, hujipinda kwa umbo la cosh, si la parabola, njia ya jiwe lililorushwa, kama watu wanavyodhani. Nikataka kuona kwa macho yangu. Lakini mnyororo nitautoa wapi, na mlango wa nje siufikii? Nilichonacho ni mkufu wa dhahabu walioleta kina Muhiddin, mrefu, pete zake zote sawa. Nikapigilia misumari miwili ukutani, nikautundika, nikauacha ushuke sana, maana ukikazwa huoni tofauti. Nikapiga hesabu kwa kitabu cha logi, nikachora kwa penseli juu ya chokaa, cosh na parabola, zote zikianzia misumarini na kukutana chini kabisa. Parabola ikapita kwa ndani kidogo. Cosh, mkufu ukailalia sawasawa. Nilicheka peke yangu, Kaka, na nilikuwa nshasahau kucheka.

Hapo Bi Nunu akaingia na kibakuli chake cha liwa. Akaona dhahabu ya watu imetundikwa misumarini, na pembeni mistari na herufi za Kizungu. Hakuniuliza kitu. Alirudi kinyumenyume, akaenda kumwambia Mama kuwa nimeandika talasimu ya kuvunja posa. Haikufika adhuhuri Shangazi Kazija yuko juu yangu na chetezo cha ubani, ananisomea. Kila nikisema ni hesabu, ndivyo anavyozidi kusoma.

Mwisho akapanda Baba mwenyewe. Nikaona hii ndiyo bahati yangu, maana Baba ni mtu wa kusikia. Nikamweleza yote, tangu h mpaka misumari. Alisikiliza, wallahi alisikiliza. Akavaa miwani, akaufuata mstari kwa kidole, akaniuliza kama mkufu ungekuwa mzito zaidi umbo lingebadilika. Nikamwambia la, maadamu uzito ni sawa pote na urefu ni ule ule. Akatabasamu. Machozi yakanilenga, nikasema moyoni, leo nimetoka.

Akautoa mkufu misumarini, akanivisha shingoni kwa mkono wake. Akasema, "Umefahamu vizuri sana, mwanangu. Watoto wako watapata mwalimu ndani ya nyumba."

Kisha akateremka kwenda kusali. Jioni wakaja kuupaka ukuta chokaa.

Angekuwa hakufahamu, Kaka, ningejipa moyo kwamba iko siku atafahamu. Sasa sina hata hilo.

Bi Nunu anakusalimu, na Mama, na Shangazi Kazija ambaye ataitia barua hii posta bila ya kujua kilichomo. Nisalimie Mkadam mnayekaa naye. Mungu akuhifadhi ugenini, akufungulie kila zito, akurejeshe kwetu na afya yako.

Nakuomba umwandikie Baba kabla ya Shaaban kuandama. Usinisifu akili, hizo kashaziona. Mwambie tu kwamba nataka kwenda Makerere, maana hapa hakuna aliyeniuliza.

Ni mie mdogo wako akupendaye,
Bahiya