Mayi ya mu Ukuta wa Jikoni

Viviane, mwanangu,

Sombe iko mu nyungu. Karo mupya ya chini mu salon musikanyage mpaka kesho.

~~Ule muntu wa kununua nyumba, umuambie akuye saa kumi.~~ Hapana. Nikuelezee kwanza.

Asubui fundi Bertin alikuwa anavunja ukuta juu ya kuweka lavabo mupya ya kuoshea vyombo, ile mulisema bila yeye nyumba haitauzika. Akakuta vane ya zamani, ile ya kufungia mayi, ndani ya simenti. Akaifungua. Mayi ikatoka, mwanangu! Baridi, safi, na nguvu, ikatupiga mu macho. Nikaikala chini mu ile mayi sawa mutoto. Bertin akacheka: "Papa Donatien, unabatizwa mara ya pili?"

Unakumbuka? Siku bakubwa ba kampuni, benye kambi hii, balirekebisha nyumba, robine yetu ya mayi ikakauka. Bakatuambia: "Bomba yenu imekufa." Haikukufa! Masoni wabo, ule mujengaji, alifunga vane akaifunikia mu ukuta, na hakuna mukubwa hata mumoja alirudia kuangalia. Marehemu mama yako akabeba mabido ya mayi miaka kumi na mbili toka kisima ya kule chini, mpaka tukamuzika. Akichoka, alikuwa anaegemea mugongo pale pale, ku ule ukuta.

Niliweka mukono pale. Ukuta ilikuwa inatetemeka na nguvu ya mayi. Nilitaka kutukana bakubwa, nikaenda kutafuta bido.

Vane usifunge. Bido ikijaa, weka ingine. Naenda kuita bamama ba avenue yote bakuye kuchota. Ule wa kununua akifika, apange mulolongo nyuma yabo.

Papa yako